Bamba la Kuzuia Wezi

Ufunguo haukuingia.

Inspekta Deodatha alikuwa amelala chali juu ya gunia, chini ya pikapu iliyoungua, katika uwanja wa kituo cha polisi Kayanga. Alisukuma tena soketi kwenye kichwa cha nati, akajaribu kuizungusha kushoto, kisha kulia. Ilikwama ukingoni. Akahamia nati ya pili, ya tatu, ya nne. Hizo nne za mbele zilikuwa bado na rangi ya kijani aliyozipaka fundi, maana moto haukuzifikia. Mbili za nyuma zilikuwa nyeusi tii. Nazo alizijaribu. Hakuna hata moja iliyokubali.

"Theo."

Koplo Theoneste alichuchumaa kando ya tairi. "Naam, afande."

"Nani ameujaribu ufunguo huu tangu Jumatatu?"

"Hakuna. Tuliukuta kwenye sanduku la mlinzi, tukautia kwenye bahasha. Mkuu alisema ni kielelezo, usiguswe."

"Na bamba mlilitoaje?"

"Tulilikata pembeni kwa grinda."

Deodatha alijivuta kutoka chini ya gari, akakaa juu ya gunia. Aliinua soketi kwenye mwanga wa jua la asubuhi na kuitazama kwa ndani. Ilikuwa na meno matano, na mafuta ya kiwandani yalikuwa bado yamekauka katikati ya meno hayo, ya manjano, hayajakwanguka popote.

"Huu haujawahi kufungua nati yoyote," alisema. "Si hizi tu. Nati yoyote."

Kwa siku tatu kesi yote ilikuwa imesimama juu ya ufunguo huo. Mwanzoni mwa mwaka pikapu mbili ziliibiwa masega wilayani Karagwe, yale yanayokaa katikati ya bomba la ekzosi na kusafisha moshi, ambayo wezi huyapenda kwa sababu ya madini yaliyomo. Mama Agnetha, muuguzi mkuu wa zahanati moja ya Rugu, hakungoja zamu yake ifike. Pikapu ya zahanati ndiyo iliyokuwa gari la wagonjwa. Aliagiza iegeshwe ubavu ukigusa ukuta, akaajiri mlinzi wa usiku, kisha akaipeleka Nyaishozi kwa fundi Egbert, aliyeifungia bamba la chuma chini ya tumbo, kwa nati sita za meno ambazo spana ya kawaida haiwezi kuzigeuza. Ufunguo wake wa pekee ulikabidhiwa mlinzi, mzee Benjamin.

Jumatatu mchana pikapu hiyo ilikuwa ikimpeleka Edith hospitali ya wilaya, uchungu umeshamshika. Ilipomaliza kupanda kilima ikashika moto kutokea chini. Dereva, Lameck, aliungua mikono yote miwili akifungua mlango wa nyuma. Mama mkwe wa Edith, Benadeta, alimsukuma mkwewe nje kwanza. Edith alijifungulia pembeni ya barabara, ndani ya shamba la migomba la watu asiowajua, na mtoto alikuwa mzima. Benadeta alifariki Jumanne alfajiri.

Polisi walipokata bamba hawakukuta sega. Palikuwa na kipande cha bomba tupu kilichochomelewa mahali pake, na kiungo kimoja kilikuwa kimeachia, kikawa kinapuliza moto moja kwa moja kwenye mpira wa mafuta. Wiki moja kabla, mama Agnetha alikuwa semina Bukoba kwa siku tatu. Mlinzi alibaki na gari na ufunguo. Hesabu ilionekana rahisi, na mzee Benjamin akawekwa ndani.

Deodatha alichukua msumari, akauingiza kwenye mdomo wa kile kipande cha bomba kilicholazwa juu ya meza ya vielelezo. Alikwangua. Masizi yalitoka kwa magamba magumu, kama ukoko wa sufuria.

"Masizi ya wiki moja hupanguswa kwa kidole," alisema. "Haya yana miezi."

"Bamba lilifungwa lini?" Theoneste aliuliza.

"Miezi mitatu iliyopita. Niletee mzee."

*

Mzee Benjamin aliingia akivuta miguu. Viatu vyake vilikuwa vimetolewa kamba. Deodatha alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alikaa bila kuegemea.

"Siku uliyopewa ufunguo huu, nani aliukabidhi mkononi mwako?"

"Fundi mwenyewe. Mama Agnetha alikuwepo. Akaniambia, mzee, hii ndiyo roho ya gari, usimpe mtu."

"Uliujaribu?"

"Niujaribu kwa nini, waitu? Niliwekwa pale bamba lisifunguliwe. Kulifungua hakukuwa kazi yangu."

"Mama Agnetha je?"

"Alisema hataki hata kuuona, asije akaupoteza."

"Gari lilibadilika baada ya bamba kufungwa?"

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza. "Lilianza kunguruma. Lameck alilalamika mpaka akachoka. Alirudi Nyaishozi kuuliza, akaambiwa chuma kinarudisha sauti, atazoea. Na ile taa ya njano, ya injini, haikuwaka tena. Zamani ilikuwa inawaka kila ukiwasha gari, halafu inazimika. Lameck akadhani fundi ameitengeneza."

"Haya uliyasema Jumatatu?"

"Niliyasema. Kama yaliandikwa sijui. Miwani yangu ilibaki nyumbani, nikaweka dole gumba."

Theoneste alifungua jalada, akapitia maelezo ya Jumatatu ukurasa kwa ukurasa. Alitikisa kichwa. Hayakuwemo.

"Watu wa Rugu wanasemaje?" mzee aliuliza.

Deodatha alimwashiria Theoneste afunge jalada. "Utapata chai," alisema. "Na utarudishiwa kamba za viatu."

*

Palikuwa na jambo moja lililobaki kabla ya Nyaishozi. Jumanne mtu asiyejitaja jina alipiga simu kituoni akadai kwamba sega la zahanati lilinunuliwa na Mansoor, mfanyabiashara wa chuma chakavu hapo Kayanga. Duka lake lilipekuliwa, hakikupatikana kitu, lakini Mkuu wa Polisi wa Wilaya alikuwa bado anataka akamatwe.

Mansoor aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, ambaye babu yake alitoka Tanga na cherehani moja.

"Karibuni. Mmekuja kupekua tena?"

"Nimekuja kuuliza," Deodatha alisema. "Uliletewa masega?"

"Sikununua sega lolote."

"Sikuuliza kama ulinunua."

Mansoor alitazama barabarani, kisha akarudi ndani akakaa juu ya rundo la springi. Wao walibaki wamesimama.

"Nilionyeshwa," alisema. "Wiki ya mwisho kabla ya mfungo. Mtu wa pikipiki, hakuvua helmeti. Alikuwa na mfuko wa saruji, ndani mna masega matatu. Akasema mengine mawili yanakuja. Nikamwambia aende zake."

"Wakati huo sisi tulikuwa tunatafuta mawili tu."

"Ndiyo maana niliogopa. Nilijua kuna watu wameibiwa na hawajui."

"Na hukuja kituoni."

"Afande, mwenye duka la chuma chakavu akija kituoni kusema ameonyeshwa mali ya wizi, anayelala ndani ni nani?"

Deodatha hakubishana naye. "Yalikatwa vipi?"

Mansoor alinyanyuka. Alichukua kipande cha bomba kutoka sakafuni, akakiweka mbele yake. "Mwizi analala chini ya gari, hana nafasi ya kugeuza mkono. Anakata mshazari, anararua na nyaya. Yale yalikatwa wima, pande zote mbili, safi kama mkate. Nyaya zake zilichomolewa kwenye plagi, plagi zenyewe nzima. Gari lilikuwa juu ya shimo la gereji, na mtu amesimama chini yake anafanya kazi bila haraka."

Theoneste aliacha kuandika.

"Ungeweza kuyasema haya mahakamani?" Deodatha aliuliza.

"Nikiitwa kama shahidi, ndiyo. Mkinifuata na pingu, sitakumbuka kitu."

*

Gereji ya Egbert ilikuwa nyuma ya maduka ya Nyaishozi, ikiwa na shimo refu lililojengwa kwa tofali na paa la bati juu yake. Fundi alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mpole, na watu wengi wa pale walimfahamu kwa sauti yake nzito ya kwaya.

"Poleni na kazi," alisema. "Nilisikia habari za yule mama. Nimesikitika sana."

"Asante." Deodatha aliweka soketi juu ya meza ya kazi. "Hii umeitambua?"

"Ndiyo. Ni ya zahanati."

"Haiingii kwenye nati za zahanati."

Egbert alipangusa mikono kidole kimoja kimoja. "Moto unapindisha chuma, afande. Ufunguo ukipata joto kali unabadilika."

"Ufunguo haukuwa kwenye moto. Ulikuwa Rugu, ndani ya sanduku la mlinzi."

"Basi nati zenyewe ndizo zilizopinda."

Deodatha alitia mkono mfukoni, akatoa nati moja aliyoagiza ikatwe asubuhi. Rangi yake ya kijani ilikuwa nzima. Aliiweka kando ya soketi. "Hii ni ya mbele. Moto haukufika. Hebu zivalishe."

Fundi hakugusa.

"Zivalishe, Egbert."

Alizichukua. Alijaribu mara moja, kwa ulegevu wa mtu anayejua jibu. Soketi ilikuwa na meno matano. Nati ilikuwa na meno sita.

"Huenda nilichanganya funguo," alisema.

"Huenda. Basi ule wa meno sita uko wapi?"

Macho ya fundi yalikwenda kwenye droo ya chini kabla hajayazuia. Theoneste aliivuta. Ndani, chini ya matambara, mlikuwa na soketi moja iliyochakaa, meno yake yameng'aa kwa kutumika. Nati ya zahanati iliingia ndani yake kwa mlio mdogo.

Deodatha aliiweka soketi hiyo kando ya ile ya meno matano.

"Nitakueleza ninavyoona, wewe unirekebishe," Deodatha alisema. "Magari mawili yaliibiwa masega kweli, watu wakaogopa. Wakaja kwako wakitaka kinga. Ukapandisha gari juu ya shimo, ukakata sega, ukachomelea bomba tupu, ukaizima taa ya injini isimshtue dereva. Halafu ukafunga bamba juu ya yote. Ufunguo uliowapa ukawa wa uongo, ili mtu asije akachungulia. Na Jumanne ukatupigia simu kuhusu Mansoor, aliyekataa kununua masega yako."

Egbert alikaa kwenye ukingo wa shimo.

"Yale mawili ya kwanza sikuyaiba," alisema. "Sijawahi kuiba gari la mtu usiku. Haya waliniletea wenyewe."

"Bomba ulitumia chuma gani?"

"Chuma chepesi. Cha mapipa." Sauti yake ilishuka. "Nilijua halitadumu. Nilidhani litapasuka, litapiga kelele, wanirudishie nibadilishe. Sikujua mpira wa mafuta uko karibu kiasi kile."

"Ulijua tangu Jumatatu. Leo Alhamisi." Deodatha aliinama mpaka nyuso zao zikalingana. "Magari mangapi?"

"Matano."

"Moja limeungua. Yataje manne."

Aliyataja huku Theoneste akipiga simu. Mawili ya wanunuzi wa kahawa yalikuwa yameegeshwa Omurushaka, na madereva wake wakaambiwa wasiyawashe. La tatu, la shule moja ya bweni, lilikuwa limeharibika giaboksi, halijatembea mwezi mzima. La nne lilikuwa la Abdulrahim, mwenye duka la jumla. Aliipokea simu mwenyewe.

Theoneste alisikiliza, akafunika simu kwa kiganja. "Lipo njiani, afande. Limekodiwa."

"Na nani?"

Egbert ndiye aliyejibu, akiwa ameangalia ndani ya shimo. "Na wafiwa. Nilisikia asubuhi. Wanampeleka Benadeta kwao Mabira."

*

Namba ya dereva, Hirwa, haikupatikana. Theoneste aliendesha gari la polisi taa zikiwa zimewashwa, na Deodatha akarudia kupiga kila baada ya dakika moja. Nyuma alikaa Egbert, pingu mikononi, soketi ya meno sita ndani ya bahasha juu ya mapaja ya askari aliyekuwa kando yake.

"Linaanza kushika moto likiwa wapi?" Deodatha aliuliza bila kugeuka.

"Kwenye kupanda. Likibeba mzigo mzito, likapanda kwa gia ndogo muda mrefu."

"Kuna kilima kabla ya Mabira?"

"Viwili," alisema Theoneste.

Walipita Omurushaka. Walivuka upande wa Kyerwa. Mwendesha bodaboda mmoja waliyemsimamisha alisema ameupita msafara wa msiba muda si mrefu, watu wanaimba, pikapu nyeupe imefungwa majani ya migomba mbele. Kilima cha kwanza kilikuwa kitupu. Kwenye cha pili vumbi lilikuwa bado halijatua, na juu kabisa karibu na kona waliiona, ikipanda polepole, watu kama kumi na watano wamelizunguka jeneza. Mngurumo wake ulisikika hata kupita nyimbo.

Theoneste alipiga honi mfululizo. Pikapu ilisogea kando kuwapisha, ikaendelea kupanda. Hirwa alidhani wana haraka zao. Ilibidi gari la polisi lipite na kukaa mbele yake kwa upande, likiziba njia yote.

Nyimbo zilikatika.

"Zima injini," Deodatha alimwambia Hirwa dirishani. "Usiguse kitu kingine. Shuka." Kisha akainua sauti kwa walio nyuma. "Naomba wote mshuke. Sasa hivi. Mshushe na marehemu."

Hakuna aliyesogea. Mwanamume mwembamba aliyeshika kichwa cha jeneza alisimama. Alikuwa Kamugisha, mtoto wa Benadeta, mume wa Edith.

"Afande," alisema taratibu, "mama yangu mlikaa naye siku mbili mkimchunguza. Leo ni wetu."

"Kamugisha, gari hili lina ugonjwa ule ule wa gari la Rugu. Linaweza kuwaka mkiwa juu yake. Shusheni kwanza, halafu unitukane ukitaka."

Kamugisha aliachia kichwa cha jeneza. Kisha akageuka, akasema maneno machache ya Kinyambo, na watu wakaanza kushuka. Wanawake walipokelewa mikononi. Jeneza liliteremshwa na wanaume sita, likawekwa juu ya nyasi, hatua ishirini kutoka barabarani. Harufu ya mafuta ilikuwa imeanza kusikika wazi, na kutoka chini ya bamba ulichomoza uzi mwembamba wa moshi.

Theoneste alimwaga kizimamoto chini ya gari mpaka kikaisha. Walisubiri. Deodatha alisimama katikati, kati ya pikapu na watu, saa mkononi, na hakumruhusu mtu asogee kwa dakika ishirini. Chuma kilikuwa kikilia kwa kupoa.

Ndipo akaagiza Egbert ashushwe na pingu zitolewe. Alimpa soketi.

"Fungua."

Fundi alilala kwenye vumbi mbele ya wafiwa wote. Alikosa nati ya kwanza mara mbili. Moja moja zilitoka. Bamba lilianguka upande mmoja, na ndani pakaonekana bomba tupu lenye ufa unaozunguka nusu ya kiungo, na juu yake, upana wa vidole viwili, mpira wa mafuta umevimba na kulainika kama nta.

Kamugisha alikuwa amekuja kuchuchumaa kando ya Deodatha. Aliunyoshea kidole ule mpira wa mafuta.

"Letu lilikuwa hivi?"

"Hivi hivi."

"Na yule ndiye aliyelifunga."

"Ndiye." Deodatha alisogea nusu hatua, akawa katikati yao. Theoneste alikuwa ameshamwinua Egbert na kumrudisha ndani ya gari. "Atajibu mahakamani, kwa kila kitu. Nakuomba uniachie hilo."

Kamugisha hakumfuata fundi kwa macho. "Mlinzi, je? Alimsaidia?"

"Mzee Benjamin hakujua chochote. Hata angetaka asingeweza kulifungua. Ufunguo aliopewa ulikuwa wa uongo. Jioni hii nitamtoa."

Mwanamume yule alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake ya msiba. Nyuma yao wanaume walikuwa wanakata miti miwili ya kubebea jeneza, maana safari iliyobaki ingekuwa ya miguu.

"Jana tulikwenda kwake," alisema. "Mimi na shemeji zangu. Mke wake alikuwa ndani na wajukuu. Hatukumgusa mtu. Tulikata migomba. Yote. Na kahawa ya mbele ya nyumba."

Deodatha alikaa chini kando yake.

"Shamba la miaka thelathini, afande. Tulilimaliza kabla ya saa sita mchana."

Mtu alimwita kutoka kwenye nyasi. Miti ilikuwa tayari, na mtoto wa marehemu ndiye wa kwanza kubeba. Kamugisha alinyanyuka, akajipangusa magoti.

"Mkimtoa msimpeleke nyumbani moja kwa moja," alisema. "Asiyaone yale peke yake. Mkalisheni hapo kituoni, mpeni chakula. Nikimaliza kumzika mama nitakuja, niingie naye uwanjani kwake mimi mwenyewe."

"Anaweza asikubali."

"Hata asipokubali, nitakuja."

Alikwenda akaweka bega chini ya mti wa mbele. Waliinua kwa pamoja, na wanawake wakaanza tena ule wimbo walipouachia.